Jani la Sale Ndani ya Gari la Boma

Sogea karibu, ndugu yangu uliyeachiwa meza yangu, na wewe wa meza ya dirishani, na ninyi mtakaokuja baada ya hawa wawili. Nisikilizeni kama mlivyokuwa mkinisikiliza saa nne asubuhi, chai ikipoa na Bwana Shauri, mzungu wetu mkuu wa wilaya, hajarudi safarini. Funguo za kabati la mafaili nimezirudisha. Nipo nyumbani Kimandolu, nina muda, na yapo mambo ambayo miaka yote pale ofisini nilikuwa nikiyazunguka. Karibuni mtapewa kazi ya uchaguzi wa baraza la wilaya. Mimi niliwahi kufanya kazi katika uchaguzi mmoja ambamo haikupigwa kura hata moja, na mkono wangu ulikuwamo. Lakini nianze mwanzo, maana bila mwanzo hamtaelewa nilifikaje huko.

Niliingia boma la Arusha, ofisi ya serikali ya wilaya, nikiwa na kaptura iliyopigwa pasi na barua ya mchungaji wetu wa Kilutheri. Karani mkuu alikuwa Mzee Salimu, mtu wa Tanga, mwembamba, kanzu nyeupe siku ya Ijumaa na koti la kijivu siku nyingine zote. Aliisoma barua mara mbili, kisha akaangalia viatu vyangu.

"Mchungaji anasema unajua kuandika."

"Ndiyo, Mzee."

"Na kusoma."

"Ndiyo, Mzee."

"Kunyamaza hajaandika. Tutaona."

Kazi yangu ilikuwa ukarani na ukalimani. Kiswahili nilikipata shuleni, Kimeru nilizaliwa nacho, na Kimasai cha kuombea maji na kuuliza njia. Mzee Salimu alinifundisha kusimama hatua moja nyuma, katikati ya wawili wanaozungumza, ili waangaliane wao na wanisahau mimi. Alinifundisha kwamba mtu akisema "mimi", nami niseme "mimi", nisiseme "anasema kwamba yeye". Mzee akinyamaza katikati ya shauri, ninyamaze naye, kwa sababu kunyamaza nako ni sehemu ya maneno yake. Haya yashikeni. Hamtayakuta kwenye kitabu cha kanuni.

Mashine ya kuchapa ilinitesa zaidi ya wanadamu. Wiki ya kwanza niliweka karatasi ya kaboni kinyume, nikachapa barua ndefu ya kurasa mbili, na nakala yote ikajiandika mgongoni mwa barua yenyewe. Mzee Salimu aliinyanyua kwenye mwanga. "Hii umewaandikia majini," akasema. "Sasa waandikie watu wa Moshi."

Uchaguzi wa kwanza niliouona ulikuwa wa mjumbe wa baraza huko chini ya Tengeru. Siku hizo wagombea walisimama uwanjani na watu wakapanga mstari nyuma ya wamtakaye. Mimi nilihesabu vichwa. Nilijiona nafanya jambo la haki kabisa, kwa sababu hakuna kichwa nilichokiruka. Ilinichukua miaka kutambua kwamba Bwana Shauri wa wakati ule aliweka kiti chake mahali ambapo kila aliyejipanga ilibidi apite mbele yake, na kwamba alikuwa akiwasalimu kwa majina. Hakumkataza mtu yeyote. Aliwasalimu tu. Mtu anayesubiri kibali cha kukata mti, au ambaye mwanawe yuko rumande, akisalimiwa kwa jina na Bwana Shauri, miguu yake huenda yenyewe kwenye mstari fulani. Hesabu yangu ilikuwa safi. Nawaambieni ili mjue kwamba hesabu safi haitoshi.

Baadaye alikuja Bwana Shauri mwingine, na huyu ndiye wa habari yangu. Watu walimwita Bwana Kwa Nini. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha makarani wengi, na alikuwa mpole. Alivua kofia mbele ya akina mama. Aliuliza kila kitu: kwa nini mnapanda mti huu kwenye mpaka, kwa nini mzee yule hakula mbele ya mkwewe, kwa nini vijana hawa wanakaa upande ule. Majibu aliyaandika kwenye daftari dogo lenye jalada jeusi. Na mimi, Mungu aliniumba mtu wa kueleza. Nikiulizwa njia ya kwenda sokoni, nitakueleza na habari za aliyelianzisha soko. Nilikuwa sijapata kukutana na mkubwa aliyetaka kunisikiliza. Alikuwa akinimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe.

Siku moja tulikuwa na shauri la mpaka, ndugu wawili wa baba mmoja, mkubwa na mdogo. Mdogo alikuwa na haki yote: mashahidi, alama, mfereji wa zamani. Katikati ya shauri yule mkubwa akatoka nje, akarudi na mzee wa ukoo aliyeshika jani la sale lililofungwa fundo. Wengine mmekulia mbali na Mlima Meru, kwa hiyo niwaeleze. Sale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani. Mtu aliyekosa akitaka kusamehewa, hulifunga jani lake na kulituma kwa mkono wa mzee. Anayeletewa hulipokea, na akishalipokea shauri limekwisha. Yule mdogo alilia, akalipokea, wakaondoka pamoja.

Bwana Kwa Nini alifunga faili, akaniita ofisini kwake.

"Kwa nini ameacha shamba lake?"

Nikamweleza. Nilitumia karibu saa nzima. Nilimweleza nani hubeba jani na nani hawezi, husemwa nini mlangoni, na kwa nini hupelekwa mchana mbele ya watu wa nyumba.

"Na akikataa kulipokea?"

"Hawezi kukataa, Bwana. Akikataa, ukoo wake hautamsikiliza tena kwa jambo lolote."

"Hata kama ana haki?"

"Hasa kama ana haki," nikasema. "Asiye na haki ataletewa sale ya nini?"

Aliandika jambo hilo na kulipigia mstari. Nilirudi mezani kwangu nimejaa furaha, kama mwanafunzi aliyesifiwa. Mzee Salimu hakuinua macho. "Leo umefundisha sana," akasema. Nilidhani ananisifu.

Mwaka uliofuata kiti cha mjumbe wa upande wa juu ya Maji ya Chai kikawa wazi. Baraza lilikuwa limeletewa jambo moja kubwa, na kila mtu alilijua: mzungu mmoja mwenye shamba aliomba aongezewe ukanda wa ardhi chini ya vilima, penye kivuko ambapo watu walinywesha ng'ombe na kuteka maji, na penye makaburi ya nyumba kadhaa. Sheria ilisema serikali ipate kwanza maoni ya baraza. Nadhani huko juu, Dar es Salaam au mbali zaidi, walikuwa wamekwisha kuamua, ila walihitaji karatasi inayoonyesha kwamba wenyeji wamekubali. Mjumbe wa upande ule ndiye angeulizwa wa kwanza, na kwa desturi wengine wangemfuata, kwa kuwa ardhi ni ya kwao wale.

Waliotaka kiti walikuwa wawili. Mmoja ni Mwalimu Elisante, tuliyesoma naye darasa moja na kulala naye bweni moja. Alisema waziwazi kwamba hatainua mkono, na baba yake alikuwa amezikwa ndani ya ukanda ule. Wa pili ni Mzee Lazaro, wa ukoo uleule, mtu mwema mwenye woga, ambaye boma likimwambia mvua inanyesha angetafuta mwavuli. Kila aliyepita njia ile alijua kwamba watu wakisimama mistari, mstari wa Elisante ungefika barabarani.

Nilikuwa chumbani Bwana Kwa Nini alipozungumza na mzungu mwenzake aliyetumwa kutoka mkoani. Walizungumza Kiingereza, ambacho kwa miaka ya kuchapa barua zao nilikuwa nimekwisha kukielewa, na mimi nilikuwa nikipanga mafaili. Yule mgeni alitaka siku ya uchaguzi iwekwe katikati ya msimu wa kahawa ili watu wasije. Bwana Kwa Nini alikataa. Alisema hataki mtu yeyote aje kusema kwamba kura zimechezewa chini yake. Nilimheshimu sana kwa neno lile. Nilimheshimu siku nne nzima.

Siku ya tano akaniambia, "Chukua gari la boma. Tengeru utawakuta wazee watatu wa ukoo wa Lazaro na Elisante. Wafikishe kwa Mwalimu. Wana jambo lao la kifamilia. Wewe sikiliza tu, urudi uniambie."

Wazee walikuwa kando ya barabara, wamevaa makoti mazito ingawa jua lilikuwa limekwisha kupanda. Aliyeketi mbele karibu na dereva alikuwa Mzee Ndetaulwa, mkubwa kuliko wote. Alipofungua koti ili akae vizuri niliona jani la sale, limefungwa fundo, limekunjwa kwenye kitambaa safi.

"Shikamoo, Mzee. Hilo la nani?"

"La Lazaro. Alimtukana Elisante kwenye mkutano wa kahawa, alimwita mtoto. Anaomba msamaha."

"Msamaha tu?"

"Na Elisante amwachie kiti. Mkubwa akae, mdogo angoje, ukoo upone." Alitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa la kweli. "Sisi tulikuwa tumelisahau jambo hili, unajua. Ni Bwana Shauri aliyetukumbusha. Mzungu anayejua mila zetu namna ile. Mungu ambariki."

Kutoka Tengeru hadi Usa River ni mwendo mfupi, na kutoka hapo hadi Maji ya Chai si mrefu zaidi. Nilikuwa na muda wote huo. Ningeweza kusema, "Wazee, mila hii Bwana Shauri nimemfundisha mimi." Ningeweza kumwambia dereva asimame. Nilichofanya ni kujieleza mwenyewe kwa mwenyewe, kwa ustadi uleule niliokuwa nao. Nilijiambia kwamba Lazaro kweli alimtukana. Nilijiambia kwamba amani ya ukoo si jambo dogo, na kwamba karani hatakiwi kuingilia uchaguzi. Hilo la mwisho bado linaniunguza. Niliogopa kuingilia uchaguzi, nami nimekaa ndani ya gari linalouchukua.

Elisante alikuwa nyuma ya nyumba, anazungusha mashine ya kumenyea kahawa, mkewe Mama Nuru akimimina maji. Alipotuona alijifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, wazee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo na nyumba?"

"Hatujambo. Karibuni. Naona leo mmeletwa na serikali."

"Miguu imezeeka," akasema Mzee Ndetaulwa, na wote wakacheka, hata Elisante. Kisha mzee akafungua kitambaa na kicheko kikaisha.

Elisante aliliangalia jani, akaniangalia mimi.

"Na wewe? Umekuja na sale, au umekuja na gari?"

"Nimekuja na wazee," nikasema.

Mzee Ndetaulwa alisema maneno yote ya desturi, moja baada ya jingine, jinsi nilivyokuwa nimeyaeleza juu ya kikombe cha chai. Alisimama mahali nilipokuwa nimesema husimamwa. Elisante alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwisho akauliza jambo moja tu.

"Baba, mkinitaka nimsamehe Lazaro, nimeshamsamehe, alivyoniita hakukuniumiza. Kiti nacho lazima nikiache? Nikimsamehe na bado nikagombea, haitoshi?"

"Jani ni moja, mwanangu. Halikatwi nusu."

Akalipokea. Mikono ilikuwa bado na utelezi wa kahawa. "Mmenishinda, wazee," akasema taratibu. Mama Nuru aliweka ndoo chini. "Kumbe ndiyo uchaguzi wenyewe," akasema, akiniangalia mimi wala si wazee. "Wapiga kura watatu na jani. Karani, usisahau kutuhesabu."

Siku ya uchaguzi watu walikuja wengi, wakakuta mgombea mmoja. Bwana Kwa Nini alisoma jina la Lazaro na kuwapongeza kwa kumaliza mambo yao wenyewe bila ugomvi. Ripoti niliichapa mimi, nakala tatu, kaboni imekaa sawasawa. Iliandikwa kwamba wenyeji wamekubaliana kwa mila zao. Tafuteni neno la uongo ndani ya ripoti ile, hamtaliona. Watu hudhani mgeni anayetaka kuharibu uchaguzi wa wengine lazima abebe bunduki au aibe karatasi. Yule alitumia kitu chetu kizuri kuliko vyote, akakipata kwangu, kwa hiari yangu, na nikamshukuru kwa chai.

Baraza lilipokaa, Mzee Lazaro aliulizwa wa kwanza, akainua mkono. Kabla ya mvua nguzo zilikuwa zimesimama na uzio wa seng'enge umevutwa. Kivuko kikawa ndani, makaburi ndani. Mama Nuru na majirani zake wakaanza kuteka maji kwa kuzunguka shamba zima, na ndama waliozoea njia ya zamani wakakatwa na waya. Mzee Lazaro alikuja ofisini kwangu mara mbili akiuliza kama mkono ulioinuliwa unaweza kushushwa. Nilimweleza, kwa upole na kwa urefu, kwamba haiwezekani.

Lipo jambo jingine ambalo sikulitarajia. Miezi michache baadaye tulikuwa na shauri la jirani aliyechoma boma la ng'ombe kwa uzembe. Wazee wakaleta sale. Aliyekosewa, mtu mtulivu kabisa, alikunja mikono nyuma akauliza, "Hili limekatwa kwenye mpaka wenu, au limetoka kule bomani?" Watu wakacheka. Mzee Ndetaulwa ndiye aliyekuwa amelibeba. Alilirudisha ndani ya koti lake, na sikumwona akibeba jingine hadi alipofariki. Tangu hapo nimeona mashauri ambayo zamani yangekwisha kwa saa moja yakienda mahakamani miaka mitatu. Bwana Kwa Nini alikuwa amekwisha kuhamishwa. Nasikia yupo nchi nyingine, anauliza kwa nini.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na nisingependa mdhani yote yalikuwa hivi. Niliandika vyeti vya kuzaliwa vya watoto ambao leo ni walimu. Niliwahi kumtoa rumande mtu asiye na hatia kwa sababu tu nilinyamaza pale aliponyamaza, na hakimu akaelewa. Kazi hii ni njema. Msiikimbie kwa sababu ya kosa langu.

Wiki ya mwisho kabla sijastaafu, Elisante alikuja ofisini. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Alitaka barua ya kibali, maana mwenye shamba hamruhusu mtu kuingia ndani ya uzio bila karatasi ya boma, hata kwenda kupalilia kaburi. Kila mwaka alikuwa akichukua barua hiyo kwa karani mwingine. Mwaka huu alikuja mezani kwangu.

Nilichapa polepole. Alikaa akiangalia vidole vyangu.

"Ulijua tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu Tengeru. Mzee alipofungua koti."

Alifikiri. "Tengeru hadi kwangu, kwa gari. Palikuwa na nafasi ya kusema neno moja."

"Ilikuwapo."

"Ungesema tu palepale kwamba mzungu ndiye aliyelituma, ili apate ardhi, nisingelipokea. Wazee wenyewe wangelirudisha. Nilikuwa nakungoja wewe useme. Ndiyo maana nilikuuliza."

Nikagonga muhuri, nikampa karatasi, akaisoma yote, akaniambia nimekosea mwezi. Nikachapa upya. Aliagana nami kwa mkono, akaenda kukata nyasi kwenye kaburi la baba yake kwa ruhusa yangu.

Sasa ninyi. Uchaguzi unakuja, na safari hii utakuwa wa karatasi na sanduku, watu wataingia mmojammoja. Ni afadhali kuliko mistari, na hesabuni vizuri. Lakini watakuja wageni kabla ya siku yenyewe, wengine wa serikali hii na wengine wa nchi ambazo hamjazisikia, wapole, wenye kumimina chai, nao watataka kujua watu wa hapa wanaheshimu nini, wanaogopa nini, nani hawezi kumkatalia nani. Mtafurahi kuulizwa. Mimi nilifurahi. Basi siku hiyo fanyeni hivi: mgeni akiwauliza desturi ya watu, mwulizeni kwanza anaitaka kwa kazi gani, andikeni jibu lake pamoja na tarehe mbele yake, na msimjibu mpaka mmewasomea wazee wa mahali hapo karatasi hiyo kwa sauti.